Uchovu, Stamina na Uyoga wa Dawa: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Mtu anayefika zahanati na kusema "sina nguvu" mara nyingi amekwisha kujitibu kabla ya kufika. Amekunywa supu, amelamba asali, amenunua chupa ya dawa ya kuongeza damu. Siku hizi huenda amenunua pia kopo la vidonge vya uyoga, au pakiti ya kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga. Bidhaa hizi huuzwa madukani na mitandaoni, na hupita pia mikononi mwa wauzaji wa biashara ya mtandao, ambao wengi wao ni jirani, ndugu au mwanakikundi mwenzake mnunuzi. Ahadi yao kwa kawaida ni moja: uchovu utaondoka, pumzi itaongezeka, na mwanamichezo atakimbia mbali zaidi bila kuchoka.

Somo hili linaichunguza ahadi hiyo. Halikusudii kuubeza uyoga, ambao ni chakula chema na wenye historia ndefu katika tiba za Asia. Linakusudia kumkumbusha mhudumu na mgonjwa jambo moja: uchovu ni dalili yenye chanzo, na chanzo hicho kinastahili kutafutwa kabla ya fedha kutumika kununua kopo.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
1. Kutaja aina kuu za uyoga zinazouzwa kama virutubisho vya nguvu.
2. Kueleza utafiti umeonyesha nini kuhusu uyoga na ustahimilivu wa mwili.
3. Kutambua madhara na mwingiliano wa bidhaa hizi na dawa za hospitali.
4. Kumhoji mgonjwa mchovu kwa heshima na kwa mpangilio.

Uyoga unaozungumzwa ni upi?

Aina inayotangazwa zaidi kwa ajili ya stamina ni kodisepsi. Kodisepsi ya asili, ambayo wanasayansi huiita Ophiocordyceps sinensis, ni kuvu anayeishi katika nyanda za juu za Tibet na milima ya Himalaya, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,000 hadi 5,000. Kuvu huyo humwingia kiwavi wa nondo aliye ardhini, humuua, kisha huchomoza kichwani mwake kama kijiti chembamba cheusi. Ndiyo maana Watibeti waliuita kwa jina lenye maana ya "nyasi wakati wa kiangazi, mdudu wakati wa baridi". Uvunaji wake ni mgumu, na ule wa daraja la juu umewahi kuuzwa kwa bei inayozidi ya dhahabu ya uzito uleule. Kwa hiyo kopo la bei nafuu haliwezi kuwa na uyoga huo wa porini. Kilichomo kwa kawaida ni kuvu aliyeoteshwa kiwandani, ama wa aina nyingine iitwayo Cordyceps militaris, ama mbegu ijulikanayo kama Cs-4 iliyotokana na kodisepsi ya porini.

Aina ya pili ni reishi, au lingzhi, yenye jina la kisayansi Ganoderma lucidum. Ni uyoga mgumu kama ubao, mchungu, usiolika kama kitoweo. Husagwa au kuchemshwa, na ndio unaochanganywa mara nyingi katika kahawa. Aina ya tatu ni chaga, kuvu mweusi anayeota juu ya miti ya nchi za baridi. Ya nne ni uyoga uitwao manyoya ya simba, unaotangazwa zaidi kwa ajili ya kumbukumbu na utulivu wa akili.

Aina hizi zisichanganywe na uyoga wa mboga, kama vile mamama unaooteshwa majumbani au ule unaoota kwenye vichuguu wakati wa mvua. Huo ni chakula, na mlaji haitaji kuutafutia sababu ya kitabibu. Tahadhari yake ni moja tu: uyoga wa porini usiliwe ikiwa mvunaji hana hakika na aina yake.

Sifa ya stamina ilikotoka

Kwa karne nyingi kodisepsi ilijulikana zaidi Asia. Umaarufu wake duniani ulitokana na mbio. Mwezi Agosti 1993, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Stuttgart, Ujerumani, wanawake wa China waliofundishwa na kocha Ma Junren walitwaa medali za dhahabu katika mita 1,500, mita 3,000 na mita 10,000. Mwezi uliofuata, katika michezo ya taifa mjini Beijing, Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2016, ilipovunjwa na Almaz Ayana wa Ethiopia katika Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Ulimwengu ulitaka kujua siri. Kocha alitaja mazoezi mazito, damu ya kasa na uyoga wa kiwavi. Magazeti yaliyapenda maelezo hayo, na wauzaji wakayapenda zaidi. Lakini wanariadha hao walikuwa wakifanya mazoezi katika nyanda za juu, na iliripotiwa kuwa baadhi ya siku walikimbia umbali unaokaribia marathoni. Tena, kabla ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, wanariadha sita wa kocha huyo waliondolewa katika timu ya China baada ya vipimo vya damu kutia shaka. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua iliyoelezwa kuwa iliandikwa miaka ya tisini na wanariadha wake, ikidai kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku.

Somo kwa mhudumu wa afya ni dogo lakini ni muhimu. Mtu anaposhinda, hatuwezi kujua kwa kumtazama tu ni kipi kati ya vitu vingi alivyotumia kilichomsaidia. Ili kulijua hilo, kipimo cha haki kinahitajika.

Mwili hupataje ustahimilivu?

Misuli inayofanya kazi kwa muda mrefu huhitaji oksijeni na chakula. Oksijeni huingia mapafuni, hubebwa na himoglobini iliyomo katika chembe nyekundu za damu, husukumwa na moyo, na hatimaye hutumiwa na misuli kuunguza sukari na mafuta. Wataalamu hupima mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika. La pili ni kizingiti, yaani kasi ambayo mtu akiivuka hupumua kwa nguvu mno na misuli huanza kulemewa.

Mnyororo huu unaweza kukatika mahali popote. Himoglobini ikipungua, oksijeni haifiki hata kama moyo ni mzima. Moyo ukidhoofika, damu haisukumwi hata kama ni nyingi. Chakula kikikosekana, misuli haina cha kuunguza. Wauzaji wa kodisepsi hudai kwamba uyoga huu huongeza uzalishaji wa nishati ndani ya chembe. Dai hilo lina asili yake: ndani ya kodisepsi zimo kemikali zinazofanana na adenosini, mojawapo ya vijenzi vya nishati ya mwili, na baadhi ya majaribio ya panya yalitoa matokeo ya kuvutia. Hata hivyo, kufanana kwa kemikali hakutoshi kuwa ushahidi kwamba binadamu atakimbia vizuri zaidi.

Utafiti kwa binadamu umeonyesha nini?

Kipimo cha haki huwagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa uyoga, jingine hupewa plasibo, yaani vidonge vinavyofanana na vile vya uyoga lakini visivyo na dawa ndani. Washiriki hawajui nani amepewa nini hadi mwisho.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la aina hiyo kwa wanaume 22 waendesha baiskeli waliozoea mazoezi. Waliotumia uyoga walimeza gramu 3 za Cs-4 kila siku kwa majuma matano. Kiwango chao cha juu cha oksijeni hakikuongezeka, kizingiti hakikusogea, na muda wao wa mashindano haukuwa bora kuliko wa wenzao wa plasibo. Majaribio mengine mawili ya miaka hiyohiyo kwa waendesha baiskeli, yaliyochanganya kodisepsi na mmea wa rodiola, nayo hayakuona faida.

Mwaka 2010 jaribio la watu 20 wenye afya na umri wa miaka 50 hadi 75 lilitoa sura tofauti kidogo. Waliotumia Cs-4 kwa majuma 12 walisogeza kizingiti chao cha pumzi kwa asilimia 8.5, lakini kiwango cha juu cha oksijeni kilibaki palepale. Mwaka 2017 watu 28, wengi wao vijana, walipewa gramu 4 kwa siku za mchanganyiko wenye Cordyceps militaris, au plasibo. Baada ya juma moja tofauti ilikuwa ndogo. Watu 10 tu ndio walioendelea hadi majuma matatu, na kati yao waliotumia uyoga waliongeza kiwango cha juu cha oksijeni.

Msomaji makini ataona udhaifu wa matokeo hayo mazuri: washiriki ni wachache mno. Katika kundi la watu watano, mmoja aliyelala vizuri siku ya kupimwa anaweza kubadili wastani wa wote. Hivyo kauli inayofaa kwa sasa ni hii: haijathibitishwa kwamba uyoga huongeza stamina kwa mwanamichezo aliyekwisha kufanya mazoezi, kwa watu wasio wanamichezo, dalili za faida zipo lakini ni hafifu. Kuhusu reishi, uchambuzi wa mwaka 2015 wa taasisi ya Cochrane haukupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake katika kupunguza hatari za magonjwa ya moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Kwa kulinganisha, wapo wakimbiaji waliochunguzwa chakula chao badala ya vidonge vyao. Utafiti wa mwaka 2004 uliwafuata wakimbiaji 10 wa ngazi ya juu nchini Kenya kwa siku saba. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na vyakula vya wanga, na ugali ulikuwa mstari wa mbele. Ugali hauna tangazo, lakini huijaza misuli kile inachokiunguza.

Usalama: kilichomo na kisichotarajiwa

Neno "asili" kwenye kopo halimaanishi "salama". Mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, kilichoandikwa si lazima ndicho kilichomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima virutubisho 19 vya reishi vilivyonunuliwa Marekani. Vitano tu ndivyo vilivyolingana na lebo zake. Mwezi Februari 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya China ilionya kuhusu bidhaa za kodisepsi zilizokutwa na aseniki ya miligramu 4.4 hadi 9.9 kwa kilo, wakati kikomo ni miligramu 1.

Pili, viungo vinaweza kudhurika. Ripoti za kitabibu zimeeleza wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia unga wa reishi. Chaga ina oksaleti nyingi, chumvi inayoweza kuganda ndani ya figo. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti mwanamke wa miaka 72 aliyetumia vijiko vinne hadi vitano vya unga wa chaga kila siku kwa miezi sita. Figo zake zilishindwa kazi akalazimika kusafishwa damu kwa mashine.

Tatu, uyoga unaweza kugongana na dawa. Mgonjwa anayetumia warfarini, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu kwa urahisi zaidi, hasa akitumia reishi. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu anaweza kushuka kupita kiasi. Aliyepandikizwa figo, au anayetumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, asitumie kabisa bila idhini ya daktari wake. Anayesubiri upasuaji aache mapema, na amweleze daktari. Kwa wajawazito na wanaonyonyesha hakuna ushahidi wa kutosha wa usalama.

Nne, mwanamichezo anaweza kupoteza jina lake. Kodisepsi yenyewe haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Lakini uchunguzi wa maabara ya Cologne wa mwaka 2000 na 2001 ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, ukakuta 94, yaani asilimia 14.8, vikiwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Kwa kanuni za kimataifa, mwanamichezo huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake. Kusema "sikujua" hakumwondolei kosa.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Binti wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 5,000, anafika kituo cha afya katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Kwa miezi minne kasi yake imeshuka. Anahema akipanda mlima aliokuwa akiupanda huku akiimba. Kituo alichokwenda kwanza walimcheka kwa vidonge vyake vya uyoga, naye akaondoka bila kupimwa. Sasa kopo limo ndani ya mkoba, naye hakusudii kulitaja.

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekuja na mzigo gani leo?"
"Nachoka tu, mama. Mwalimu anasema nimekuwa mvivu."
"Mtu mvivu haamki alfajiri kukimbia. Tuangalie mwili unasema nini. Wengi wanaochoka huanza kwa kutafuta dawa wenyewe, na si kosa. Wewe umejaribu nini?"

Binti ananyamaza kidogo, kisha analitoa kopo. Aliyemuuzia ni shangazi yake, ambaye ndiye anayemlipia nauli ya mashindano. Ametumia zaidi ya shilingi laki mbili.

Muuguzi halicheki kopo. Analisoma, anaandika jina lake kwenye faili, kisha anaendelea kuuliza. Hedhi ya binti huchukua siku nane na hubadilisha pedi kila baada ya saa mbili. Nyama hula mara moja kwa mwezi. Kila mlo huteremshwa kwa chai ya rangi. Kope zake kwa ndani ni nyeupe. Kipimo kinaonyesha himoglobini ya gramu 8.2 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu wa damu huanzia chini ya gramu 12. Kipimo cha malaria, cha ujauzito, cha VVU na cha selimundu havionyeshi tatizo; choo hakina mayai ya minyoo ya safura.

Daktari anamwanzishia vidonge vya madini ya chuma, anashughulikia hedhi, na kumwelekeza anywe chai saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa, na ale tunda lenye vitamini C pamoja na mlo. Mazoezi yanapunguzwa. Baada ya majuma manne himoglobini imefika 10.1. Anaambiwa vidonge viendelee kwa miezi mitatu hata baada ya damu kurejea kawaida, ili akiba ijae.

"Nimwambie nini shangazi?" anauliza.
"Mwambie alikuona umechoka kabla yetu, na hapo aliona kweli. Mwambie pia tumepata chanzo. Siku akichoka yeye, aje tumpime."

Katika mfano huu uyoga haukumdhuru binti. Kilichomdhuru ni miezi minne iliyopotea. Dhihaka aliyoipata katika kituo cha kwanza ilichangia, kwani mhudumu anayedhihaki humfundisha mgonjwa kuficha.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa mchovu

1. Uchovu ulianza lini, na ni kazi gani uliyoiweza zamani ambayo sasa huiwezi?
2. Unatumia nini: dawa za hospitali, mitishamba, vidonge, unga, kahawa ya dawa? Tafadhali leta makopo yote.
3. Je, unatokwa damu mahali popote, au hedhi ni nzito?
4. Unakula nini kwa siku, unalala saa ngapi, na moyo wako una huzuni au mashaka?
5. Je, kuna kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kiu na kukojoa mara kwa mara, au miguu kuvimba?

Majibu ndiyo yatakayoelekeza vipimo. Vidonge vya chuma visitolewe kwa kila mchovu bila kupima, kwa kuwa si kila uchovu ni upungufu wa damu, na si kila upungufu wa damu hutokana na uhaba wa chuma.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ikiwa uchovu umezidi majuma mawili bila sababu inayoeleweka, nenda ukapimwe kabla ya kununua kirutubisho. Nenda siku hiyohiyo ikiwa unahema ukiwa umekaa, una maumivu ya kifua, umezimia, au umeona damu katika choo. Ikiwa umekwisha kupimwa na bado unataka kujaribu uyoga, nunua bidhaa iliyosajiliwa na mamlaka ya nchi yako, mjulishe mhudumu wako, usiache dawa ulizoandikiwa, na acha mara moja uonapo macho ya manjano, mkojo mweusi au mchache, vipele, au kutokwa damu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ushindi wa mwaka 1993 hauthibitishi nguvu ya kodisepsi?
2. Taja makundi matatu ya wagonjwa wasiopaswa kutumia reishi bila ushauri wa daktari.
3. Chaga huweza kudhuru kiungo gani, na kwa njia gani?
4. Katika mfano wa binti mkimbiaji, ni sehemu gani ya mnyororo wa oksijeni iliyokuwa imekatika?

Majibu: (1) Wanariadha walitumia na kufanya mambo mengi kwa pamoja, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. (2) Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wanaotumia dawa za kutuliza kinga, na wanaosubiri upasuaji. Pia wajawazito, na wenye dawa za kisukari au shinikizo la damu. (3) Figo, kwa oksaleti kuganda ndani yake. (4) Himoglobini: mapafu, moyo na nia yake vilikuwa vizima, lakini kibebeo cha oksijeni kilikuwa kimepungua.